Kokoto Huanzia Siku ya Kubomoa

Mwaka 2017 matingatinga yalishuka kwenye Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, kubomoa nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Aliyewahi kuona bomoabomoa anaujua mpangilio wake. Vinavyookolewa kwanza ni mabati, milango na madirisha. Zinafuata nondo: vijana hugonga zege kwa nyundo mpaka chuma kiachie, wakakikunja na kukipeleka kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Kinachobaki ni matofali yaliyopasuka, vipande vya jamvi, lenta zilizovunjika katikati, plasta na vigae. Hicho ndicho kifusi, na kikishafika hapo hakina mwenyewe. Kitakaa mpaka mwenye kiwanja cha bondeni aombe kimwagwe kwake afukie shimo, au lori likichukue usiku likakimwage kando ya mto.

Hesabu ya kilichomwagwa ni hii. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Saruji humo ni kilo 300 na kitu, maji hayafiki 200, na zaidi ya kilo 1,800 zilizobaki ni mchanga na kokoto. Tunapozungumzia gharama ya ujenzi tunataja mfuko wa saruji, kwa sababu ndio wenye bei iliyoandikwa dukani, lakini ukuta tunaouegemea kwa sehemu kubwa ni mawe na mchanga vilivyogandishwa pamoja. Saruji ya jamvi lililovunjwa imekwisha kufanya kazi yake na haitarudi kuwa saruji. Mawe yake bado ni mawe.

Mawe hayo yalitoka mahali. Kokoto nyingi inayojenga Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Lugoba, mkoani Pwani. Nyingine hupasuliwa jijini kwenyewe, Kunduchi Mtongani, ambako kwa miaka mingi watu, wanawake wengi miongoni mwao, wamekaa chini ya turubai na nyundo wakiuza kokoto kwa ndoo. Mchanga hutoka mitoni. Watafiti wa bahari wamehusisha mmomonyoko wa fukwe za Kunduchi na uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayomwaga upande huo: mchanga uliopaswa kufika ufukweni kuziba pengo la uliochukuliwa na mawimbi, uliishia kwenye malori. Kule Ukambani, nchini Kenya, hasara ni ya maji. Mto wa msimu unapokauka, mchanga wake huhifadhi maji chini, na watu huchimba visima vifupi humo humo kuteka ya kunywa na ya mifugo. Ukiuondoa mchanga hadi mwamba uonekane, umeondoa na kisima. Ndiyo maana Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi, lilikadiria katika ripoti ya 2022 kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka.

Kwa hiyo kwenye kiwanja cha Ilala au Kariakoo panapovunjwa nyumba ya zamani ili ipandishwe ghorofa, lori moja linatoka limejaa mawe na jingine linaingia limejaa mawe. Sura hii inahusu namna ya kulizuia lori la kwanza lisiende kumwaga.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mafundi wa Kilwa Kisiwani, walipoezeka Msikiti Mkuu kwa kuba na matao, walichanganya chokaa ya kuchoma na vipande vya matumbawe. Hilo ni zege kwa kila kipimo: kiungo cha kugandisha, na mawe ya karibu badala ya mawe ya mbali. Hawakuwa na granaiti, wakajenga kwa kilichokuwapo, na sehemu za kazi yao bado zimesimama.

Kujenga kwa vifusi hasa, kwa wingi na kwa kanuni, kulianzia Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili. Miji yake ilikuwa imelala chini. Berlin ilikuwa na kifusi kingi kiasi kwamba sehemu yake ilirundikwa ikawa mlima, Teufelsberg, ambao leo umeota miti na watu wanapanda kutazama jiji. Lakini si chote kilichorundikwa. Matofali yaliyokuwa mazima yaligongwa mota yakatolewa, yakapangwa tayari kujengewa tena. Yaliyovunjika yalisagwa yakawa kokoto. Mwaka 1951 kilitolewa kiwango cha DIN 4163 kuhusu zege la kokoto ya matofali ya kuchoma, na inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1955 makazi 175,000 yalikuwa yamejengwa kwa kokoto hiyo. Mimi huvutiwa zaidi na ule mwaka 1951 kuliko idadi ya nyumba. Watu waliokuwa na njaa ya makazi, wenye kila sababu ya kujenga ovyoovyo, walikaa chini wakaandika ni kifusi gani kinafaa na kipi hakifai.

Nasi tunayo majibu yetu wenyewe. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa Tanzania, ambamo kifusi kutoka sehemu nane za ujenzi na ubomoaji kilisagwa, kikachekechwa, kisha kikatumika kutengeneza matofali ya zege. Watafiti hawakuchanganya na kokoto ya machimboni hata kidogo: kubwa na ndogo, zote zilikuwa za kifusi. Kokoto hiyo ilionekana dhaifu kuliko ya asili, kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo asilimia 85 ya matofali yaliyopimwa yalifikia nyutoni 7 kwa kila milimita ya mraba, nguvu ya chini inayotakiwa Tanzania kwa tofali la kubeba mzigo. Kwa lugha ya mtaani, kila sentimita ya mraba ya tofali hilo inahimili kama kilo 70 kabla ya kupasuka. Wengi wetu tumelala ndani ya kuta za matofali ambayo hayajawahi kuwekwa kwenye mashine ya kupimia, na yenye mchanga mwingi kiasi kwamba yakikwaruzwa kwa ukucha yanamwagika.

Kwa nini basi kokoto ya kifusi ni dhaifu? Okota kipande chenye ukubwa wa yai kwenye jamvi lililovunjwa, ukipasue kwa nyundo, ulowanishe ule mpasuko. Utaona mambo mawili. Katikati kuna jiwe la zamani, ambalo linalowa juu tu na kung'aa. Kulizunguka kuna tabaka la kijivu la mota kuukuu, na hilo linayanywa maji unatazama, likibadilika rangi na kuwa jeusi. Tabaka hilo lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Kokoto ya kawaida ya mwamba hunywa maji asilimia 1 ya uzito wake au pungufu. Ya kifusi hunywa asilimia 4 hadi 8. Kwenye kilo 100 za kokoto kavu ya kifusi, lita tano za maji zinaweza kupotelea humo.

Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Fundi amechanganya kama alivyozoea, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Anatia maji, anageuza kwa beleshi, anaona zege limekauka. Anamwambia msaidizi, "Ongeza ndoo." Linalainika, linakubali kumwagwa, baada ya dakika kumi limekauka tena, naye anaongeza nyingine. Maji yote ya ziada yasiyonywewa na jiwe hubaki ndani ya saruji, na yakikauka huacha matundu. Zege likija kupasuka, lawama inakiangukia kifusi, ilhali kilichoharibu ni ndoo.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji mtambo. Kokoto ya kifusi humwagiwa maji jioni ya kuamkia kazi, ikafunikwa kwa turubai au magunia ili isikauke. Asubuhi inaachwa ichuruzike mpaka juu yake pawe na unyevu bila maji kutiririka. Hapo imekwisha kunywa ya kwake, na maji yatakayopimwa kwa ajili ya saruji yatabaki ya saruji. La pili ni chekeche. Vumbi na chenga laini za kifusi ndizo zenye mota nyingi na uchafu mwingi kuliko vipande vikubwa, kwa hiyo anayeanza ni salama zaidi akichukua kokoto ya kifusi na kuendelea na mchanga wa kawaida. La tatu ni kiasi. Ukibadilisha hadi asilimia 30 ya kokoto kubwa, nguvu ya zege kwa kawaida haipungui kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ukizidisha, lazima upime. Na matofali yakishafyatuliwa yanataka kumwagiliwa maji walau siku saba, kivulini, kama matofali yote, ingawa ni watengenezaji wachache wenye subira hiyo.

Kipo kipimo kimoja kinachosahauliwa na watu wa mazingira. Utengenezaji wa saruji unatoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotolewa na binadamu. Kokoto ya kifusi haigusi sehemu hiyo. Inaokoa mto, inaokoa safari ya Lugoba, inaokoa bonde lililokuwa limwagiwe, lakini fundi akiongeza mfuko mzima wa saruji ili kufidia udhaifu wa kokoto, hewa ukaa iliyookolewa njiani inaweza kuliwa yote na mfuko ule. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona likiachwa nje kwenye maelezo mengi ya kusifia ujenzi wa kijani. Njia sahihi ya kufidia ni kulowanisha, kuchekecha na kupunguza maji.

Taka nyingine nazo huitiwa kazi hii, na zinastahili kutajwa, ingawa kwa maoni yangu hakuna inayokifikia kifusi kwa miji yetu. Vifuu vya nazi vikivunjwavunjwa hutoa zege jepesi, na watafiti wa India wamelichunguza sana. Kifuu hunywa maji karibu robo ya uzito wake, kwa hiyo nacho hulowekwa kwanza, na lazima kiwe kimesafishwa mabaki ya nazi. Tatizo la Pwani ni kwamba kifuu hakijawahi kuwa taka: kinawasha jiko, kinatoa upawa. Ukikinunua kwa ajili ya zege unashindana na mama mwenye sufuria mekoni.

Chupa za vioo huonekana zinafaa kwa kuwa ni ngumu na hazinywi maji. Lakini kioo ni silika, na silika ya aina hiyo hugombana na alkali ya saruji: hutokea ute unaovuta maji na kuvimba, na zege linapasuka kwa ndani polepole, miaka kadhaa baada ya mwenye nyumba kumlipa fundi. Mhandisi Thomas Stanton aliueleza mmenyuko huo huko California mwaka 1940, alipokuwa akitafuta sababu ya barabara na madaraja kupasuka kwa mfumo wa utando wa buibui. Ajabu ni kwamba kioo hicho hicho kikisagwa kikawa unga laini kama saruji, kinaacha kuwa adui na kuwa msaidizi wa saruji. Vipande vya chupa kwenye zege, hapana. Unga wa chupa, inawezekana, kwa mwenye kinu na mwenye maabara.

Plastiki inakosa mshiko. Mota haiishiki, na kila unapoongeza vipande vyake nguvu ya zege inashuka. Watu wengi hunitajia matofali ya plastiki ya Nairobi, yale ya Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers, aliyetuzwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Kazi ile ni njema, lakini si zege. Pale plastiki inayeyushwa ikashika mchanga, yaani imechukua nafasi ya saruji, si ya kokoto. Ni vizuri kutovichanganya, maana mtu akisikia "matofali ya plastiki" anakwenda kutia vipande vya ndoo kwenye karai la zege, akidhani anafanya jambo lilelile.

Turudi kwenye kifusi, na kwenye hofu. Mteja atauliza, "Fundi, kokoto ya nyumba iliyovunjwa, nyumba yangu itasimama kweli?" Swali lake ni la haki. Mwezi Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Mwezi Aprili 2016 jengo la makazi liliporomoka Huruma, Nairobi. Watu wa miji hii wamejifunza kwa misiba kwamba zege linaweza kudanganya. Kwa hiyo kokoto ya kifusi isianzie kwenye nguzo wala kwenye slabu za ghorofa. Hata likiwa na nguvu ya kutosha, zege lake hupinda zaidi chini ya mzigo na husinyaa zaidi likikauka, na hayo ni mambo ya mhandisi kukokotoa, si ya kubahatisha.

Ipo na sababu nyingine inayotuhusu sisi watu wa pwani hasa. Nyumba nyingi za zamani zilizo karibu na bahari zimenyonya chumvi kwa miaka, na nyingine zilijengwa kwa mchanga wa ufukweni tangu mwanzo. Chumvi hiyo inahama na kifusi. Ndani ya zege lenye nondo huozesha chuma. Nondo ikishika kutu huvimba na kulibandua zege kama tunavyoona kwenye vibaraza vya majengo mengi ya zamani. Tofali halina nondo, na chumvi haina chuma cha kula humo. Kwa hiyo tofali la ukuta, jamvi la nyumba ya chini, zege la kusawazishia msingi, matofali ya kutandika njia za miguu, kingo za barabara na mitaro ndizo kazi za kokoto hii kwa sasa. Kazi hizo zinaweza kumeza kifusi kingi sana kabla hatujafikiria ghorofa.

Kinachoamua kama haya yatafanikiwa hakiko maabara. Kiko kwenye kiwanja, siku tingatinga linapowashwa. Nyumba ikiangushwa yote kwa mpigo mmoja, mbao za jipsamu za dari zinasagika pamoja na zege, na jipsamu ina salfeti ambayo huvimbisha na kuharibu zege jipya. Vipande vya mbao, nyaya, mifuko, vioo na udongo vinaingia humo humo. Kwenye majengo ya zamani ya serikali kuna mapaa ya asbesto, na asbesto ikisagwa hutoa nyuzi ambazo anayezivuta huja kuugua mapafu miaka mingi baadaye. Paa hilo lazima litolewe zima, na watu wenye vifaa vya kujikinga, kabla ya kitu kingine chochote kuguswa. Kifusi kilichochanganyika hivyo hakuna chekeche litakalokisafisha kwa bei ya maana. Nyumba ileile ikivuliwa kwa utaratibu, dari kwanza, kisha mbao, kisha mabomba na nyaya, ukabaki ukuta na jamvi vitupu, kinachoanguka mwisho ni kokoto tayari, inayosubiri kuvunjwa tu.

Vijana wa nondo wanaonyesha kwamba uvuaji wa namna hiyo unawezekana bila kufundishwa na mtu. Wanatoa chuma kwa uangalifu wa ajabu kwa sababu chuma kina mizani na mnunuzi. Kifusi safi hakina mnunuzi, na kwenye mikataba mingi ya ubomoaji kazi inaandikwa kwa mstari mmoja: kubomoa na kuondoa. Mkandarasi analipwa kwa kiwanja kubaki cheupe, kwa hiyo haraka ndiyo faida yake. Zürich, huko Uswisi, ilipoamua kujenga shule zake na majengo mengine ya umma kwa zege lenye kokoto iliyorudishwa, kilichobadilika kilikuwa upande wa mnunuzi: jiji lenyewe likawa mteja wa kudumu, na wenye mitambo wakapata sababu ya kununua mitambo.

Halmashauri zetu nazo ni wateja. Zinajenga madarasa, vyoo vya shule, uzio wa zahanati, mitaro. Ndizo hizo hizo zinazotoa vibali vya kubomoa. Kibali kinaweza kuweka sharti la kutenganisha, na mkataba ukawa na mistari miwili, mmoja wa kuvua na mmoja wa kubomoa, kila mmoja na malipo yake. Mashine ndogo ya kusagia mawe inaweza kukaa kwenye dampo au kwenye karakana ya halmashauri, karibu na watu ambao tayari wanajua kupasua kokoto kwa mikono na wangeipasua wakiwa wamesimama. Agizo la kwanza liwe dogo: matofali ya uzio wa shule moja. Yapelekwe kupimwa siku ya 28 baada ya kufyatuliwa, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, yakitaja mtaa ambao kifusi kilitoka na idadi ya matofali yaliyofeli.